Kuteremka kwa Kamba Kwenye Makorongo Marefu: Namna ya Kuidhibiti Kasi Kutoka Ukingoni Hadi Chini

Katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, jimboni Utah nchini Marekani, kuna korongo linaloitwa Heaps ambalo huhitimisha safari ya kutwa nzima kwa mteremko mmoja wa kamba unaokaribia mita 90. Mtu huondoka kwenye kijukwaa kidogo cha mwamba ambacho hakina nafasi ya watu wengi, mwili wake hauugusi ukuta kwa sehemu kubwa ya safari, na hufika chini karibu na bwawa la juu la Emerald Pools, mbele ya macho ya watalii waliofika hapo kwa miguu. Korongo jingine la eneo hilo, Englestead, huanza na mteremko wa urefu kama huo, kwa hiyo anayelichagua hupimwa kabla hata hajalowa.

Mwongozo huu unahusu miteremko ya aina hiyo, yaani ya mita 60 na zaidi, na umekusudiwa kwa mtu ambaye tayari anaweza kuteremka mita 20 au 30 bila kusimamiwa. Anayeanza ajifunze kwanza kwa mwalimu, kwa sababu hakuna maandishi yanayoweza kuona kwamba karabina yako, ile pete ya chuma inayofunguka, haikufungwa.

Kwanza elewa kwa nini mteremko mrefu ni tofauti

Wengi hudhani kwamba mteremko wa mita 90 ni ule wa mita 30 uliorudiwa mara tatu. Sivyo. Katika mteremko mfupi msuguano unaouchagua juu ndio utakaokufikisha chini, lakini katika mteremko mrefu msuguano huo hupungua kila mita unayoshuka, na hupungua zaidi pale ambapo umeshachoka.

Sababu yake ni uzito wa kamba yenyewe. Kamba ya unene wa milimita 9 huwa na uzito wa takriban gramu 55 kwa mita, hivyo mita 90 zinazoning'inia chini yako ni kama kilo 5, na uzito huo huivuta kamba chini ya kifaa cha kushukia, yaani kile cha chuma ambacho kamba hupita ndani yake, sawasawa na unavyoivuta kwa mkono wako wa breki, ule unaoishika kamba chini ya kifaa. Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 80 anayetumia kifaa kinachozidisha nguvu ya mkono mara kumi. Ili asimame palepale, panahitajika mvuto wa kilo 8 chini ya kifaa. Akiwa ukingoni, kamba inamchangia 5 na mkono wake unatoa 3 tu. Akifika katikati, mchango wa kamba umeshuka hadi 2 na nusu. Akibakiza mita 10 kufika chini, kamba inatoa nusu kilo, na mkono uliokuwa umestarehe juu sasa unabeba kilo 7 na nusu, tena ukiwa umechoka, ndani ya glovu iliyolowa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu mwepesi anapoanza kuteremka huona kamba haipiti kabisa, hulazimika kuisukuma kwa mkono ndani ya kifaa sentimita kwa sentimita, kisha hukasirika na kuondoa msuguano ili apate kusogea. Mita 50 baadaye anatamani msuguano aliouondoa. Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni hii: panga msuguano kwa ajili ya theluthi ya mwisho, ukubali kuhangaika na kusukuma kamba kwenye theluthi ya kwanza, na kabla hujaondoka ukingoni uwe unajua kwa mikono yako, si kwa kichwa tu, namna ya kuongeza msuguano ukiwa unaning'inia.

Ipo njia nyingine ambayo waendao makorongo huitumia, nayo ni kuibeba kamba ndani ya mfuko unaoning'inia kwenye hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani, ikitoka kidogo kidogo kadiri mtu anavyoshuka. Kwa njia hiyo hakuna mkia mrefu wa kuvuta chini ya kifaa, na msuguano hubaki karibu ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Ni njia nzuri hasa penye upepo, kwa kuwa kamba haipeperushwi ikajisokota kwenye vichaka au kwenye nyufa za mwamba. Lakini ina maana kwamba breki nzito utaihitaji tangu mita ya kwanza, na anayezoea mkia wa kamba hushangazwa na kasi ya mwanzo.

Maandalizi kabla ya kufika ukingoni

Tafuta urefu halisi wa kila mteremko, ujue kama ukuta unagusika au mwili utaning'inia hewani, na kama pale chini pana nchi kavu, bwawa au maji yanayokwenda. Katika Zion makorongo yote yanayohitaji kamba yanahitaji kibali cha hifadhi, na siku ya kuchukua kibali ndiyo siku ya kuuliza habari za mvua. Tarehe 14 Septemba 2015 watu saba wa kundi moja walikufa katika korongo la Keyhole ndani ya hifadhi hiyo baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta humo. Wasomaji wa Kenya watakumbuka mwaka 2019 katika korongo la Hell's Gate, ambako pia watu saba walipoteza maisha kwa mafuriko. Korongo hukusanya maji ya mvua iliyonyesha mbali, mahali usipopaona, na mtu aliyening'inia katikati ya kamba hana pa kukimbilia.

Kamba iwe ile isiyovutika sana, na iwe moja isiyo na kiungo katikati, kwa sababu kulipitisha fundo kwenye kifaa ukiwa hewani ni kazi ngumu ambayo haina haja ya kuwepo. Ongeza kamba ya kuvutia, ile ya kuishusha kamba ya kushukia wote wakishafika chini, yenye urefu usiopungua ule wa mteremko. Kumbuka pia kwamba kamba mpya na kamba nyembamba huteleza zaidi ndani ya kifaa kuliko ile nene iliyokwisha kutumika. Kifaa kilichokufaa kwenye kamba ya milimita 10 kinaweza kukutupa kwenye kamba ya milimita 8.

Kuhusu kifaa chenyewe, usiende kwenye mteremko mrefu na kile cha mrija ambacho wapanda miamba hukitumia kwa kamba mbili. Makorongoni watu hushuka kwa uzi mmoja wa kamba, ule mwingine ukiwa umezuiwa kwenye nanga, yaani pale juu kamba inapofungwa kwenye mwamba, na uzi mmoja hutoa takriban nusu ya msuguano wa nyuzi mbili. Chagua kifaa chenye pembe za kuzungushia kamba, kama vile Pirana ya Petzl au Totem ya Rock Exotica, ambacho hukuruhusu kuongeza mzunguko bila kuitoa kamba. Vaa kofia ngumu, glovu za ngozi, na ufunge nywele ndefu na mikanda yote inayoning'inia kifuani, kwa maana kifaa kinachomeza nywele katikati ya mteremko hakizirudishi. Beba vitanzi viwili vya kamba nyembamba vya kufungia prusiki, yaani fundo linalojikaza kwenye kamba likibebeshwa uzito, pamoja na kisu kinachofungwa, ukikiweka mahali ambapo mkono wowote unaweza kukifikia.

Nanga na ukingo

Nanga ikaguliwe kila mara, hata kama kundi lililotangulia limeitumia jana. Mwamba wa Zion ni wa mchanga ulioshikana, laini kuliko graniti, na hudhoofika ukilowa. Angalia boliti zote mbili, ziguse, uone kama zinacheza au mwamba unaozizunguka umepasuka. Utepe uliofungwa kati yake ugeuze upande wa ndani: nje jua limeufifisha na kuukausha, lakini ubaya mkubwa mara nyingi huwa pale unapokalia pete ya chuma, ambapo kamba zilizovutwa zimeusaga. Ukiutilia shaka, ukate uondoke nao, ufunge wako mpya. Watangulizi washuke nanga ikiwa imeimarishwa na kiungo cha pili kisichobeba uzito, na anayeshuka mwisho baada ya kiungo hicho kuondolewa awe mwepesi wa kundi.

Ukingo huila kamba. Katika mteremko ambao mtu ananing'inia hewani, kamba husuguliwa pahala pamoja tu, pale inapopinda, na kila mshuko wa kurukaruka huivuta na kuiachia kama msumeno. Weka mfuko au kipande cha turubai nene chini yake, na baada ya kila mtu kushuka ilegeze kamba sentimita chache ili sehemu nyingine ndiyo iguse mwamba. Hii ni sababu moja ya kupenda nanga inayoweza kulegezwa chini ya uzito. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: mtu akinaswa katikati, walio juu wanaweza kumshusha hadi chini bila yeye kufanya lolote. Lakini hilo linawezekana tu ikiwa juu pamebaki kamba ya kutosha. Ukiwa na kamba ya mita 90 kwenye mteremko wa mita 90, hakuna hata mita moja ya kulegeza, na mfumo wote ule unakuwa pambo. Beba ya ziada, au mshushe wa kwanza kutoka juu badala ya kumwacha ajiteremshe.

Ncha ya chini inahitaji uamuzi kulingana na maji. Penye ukavu, funga fundo kubwa kwenye ncha kabla mtu wa kwanza hajaondoka, ili kamba ikiwa fupi asitoke nayo mwishoni. Penye bwawa au maji yanayokwenda, usifunge fundo lolote. Pima kamba ifike usawa wa maji tu, ili anayefika aogelee na kutoka kwenye kifaa papo hapo. Fundo chini ya maji linaweza kumfunga mtu anayesukumwa na mkondo.

Kukaa kwenye kamba

Ukiwa bado umejifunga kwenye nanga kwa kamba yako ya usalama, ingiza kamba ya kushukia kwenye kifaa, uongeze mzunguko kwenye pembe, kisha kaa taratibu hadi uzito wote uwe juu yake. Tazama kama kamba uliyoikalia ni ile ya kushukia wala si ile ya kuvutia. Kamba zinapokuwa mbili na fundo la kuzuia, yaani kizuizi kinachoifanya kamba isipite kwenye pete ya nanga, lipo upande mmoja tu, aliyejiunganisha upande usio wake huanguka na kamba yote. Kagua kwa mkono wako kuanzia nanga, upite kwenye kizuizi, ushuke hadi kifaa, kisha karabina, kisha hanesi. Mwenzako naye afanye vivyo hivyo kwa macho yake, akitaja kila kitu kwa sauti. Ni baada ya hapo tu ndipo kamba ya usalama inafunguliwa.

Kuhusu breki ya akiba, maoni yangu ni kwamba wa kwanza kushuka kwenye mteremko mkavu asiende bila fundo la kujikaza chini ya kifaa. Lifunge kwa kitanzi kilichounganishwa kwenye hanesi, na kifaa chenyewe kiinuliwe kwa utepe hadi karibu na kifua, ili fundo lisipate kukigusa na kulegezwa nacho. Lijaribu kwa uzito wako wote kabla hujafungua kamba ya usalama. Jambo linalosahaulika ni kwamba fundo hili hushika mkono ukiliachia tu, ilhali mtu aliyepatwa na hofu hukaza ngumi, na ngumi iliyokazwa juu ya fundo huliburuta lisishike. Fanyia mazoezi kuachia, hadi mkono uzoee kufunguka wenyewe.

Penye maporomoko ya maji, hesabu inageuka kabisa. Fundo likijikaza chini ya maji yanayokupiga kichwani, hutaweza kulifungua wala kupumua, na kinga imekuwa kifungo. Huko usilitumie, tegemea nanga inayolegezwa na mtu wa juu anayekuona.

Mteremko wenyewe

Anza polepole na uendelee polepole. Sababu mojawapo ni joto. Mtu wa kilo 80 akishuka mita 90 huachia takriban kilojuli 70 za nishati, kiasi kinachotosha kuchemsha glasi moja ya maji, na karibu yote huingia kwenye kamba, kifaa na hewa inayokizunguka. Nailoni ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi, na polithini ya nyuzi ngumu inayotumika katika baadhi ya kamba nyembamba huyeyuka kwenye nyuzi 150 au pungufu. Kwa hiyo ukiwa umeshuka kwa kasi kwenye kamba kavu, usisimame ghafla: kifaa chenye joto kikikaa mahali pamoja huunguza ganda la kamba. Punguza mwendo kwa mita kadhaa kwanza, ndipo usimame. Ukifika chini itoe kamba kwenye kifaa mapema, na usikishike kifaa kwa mkono mtupu.

Kabla ya nusu ya safari, simama kwa makusudi na uongeze msuguano, hata kama bado huoni haja yake. Utaratibu wake ni huu. Lete mkono wa breki nyuma ya nyonga hadi kamba isimame, kisha, bila kuiachia hata kidogo, ipandishe juu na uizungushe kwenye pembe ya pili ya kifaa. Kama pembe zimekwisha na bado unateleza, zungusha kamba kwenye paja mara tatu au nne, na mikono itapumzika. Njia ambayo mimi naiona bora kwa watu wazito ni kuandaa karabina mbili za ziada tangu juu, moja kwenye kitanzi cha mguu cha hanesi na ya pili karibu na kifaa: kamba hutoka kwenye kifaa, hupita kwenye karabina ya mguu, hupanda hadi ile ya juu, kisha hurudi mkononi. Umbo hilo la zigizaga huongeza msuguano mwingi, tena huingizwa na kutolewa ukiwa bado hewani. Ijaribu kwanza ukining'inia nusu mita kutoka ardhini, huku umevaa glovu zilizolowa.

Hewani utazunguka. Kamba ndefu hujisokota na kujisokotoa, na hakuna ukuta wa kuweka mguu. Usipambane na mzunguko huo. Kaza macho kwenye kifaa chako na uendelee kushuka kwa mwendo ule ule. Usirukeruke, kwa kuwa kamba ndefu hudunda, na kila mdundo unafika ukingoni na kwenye nanga.

Ukinaswa, toa ishara mara moja na usining'inie bila kusogea. Hanesi hubana mapaja, damu hukwama miguuni, na mtu anaweza kuzimia baada ya muda mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Funga prusiki juu ya kifaa, weka mguu kwenye kitanzi cha pili, simama, na upunguze uzito ili ulichonaswa nacho kilegee. Ukikata nywele au nguo kwa kisu, uelekeze wembe mbali na kamba, kwa maana kamba iliyobeba uzito hukatika kwa mguso mdogo.

Anayeshikilia kamba kutoka chini

Baada ya wa kwanza kufika, wengine wote wanaweza kulindwa naye. Yeye huishika kamba kwa mikono miwili, ikiwa imelegea kidogo, na anayeshuka akipoteza breki huivuta kwa nguvu kuelekea chini, na kifaa husimama. Katika mteremko mrefu kamba huvutika, hivyo anayeshikilia lazima awe tayari kurudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kuhisi imekaza. Asimame pembeni ya mahali mawe yanapoangukia, asitazame kitu kingine, na asiivute mapema, kwa sababu humsimamisha mwenzake pasipo lazima. Ulinzi huu hufanya kazi vibaya pale kamba inapolala juu ya vidaraja vya mwamba au inapoingia ndani ya maji, kwa hiyo usiuhesabu kama tiba ya kila kitu.

Kwa umbali wa mita 90 sauti haifiki, hasa penye maji. Kubalianeni kuhusu milio ya filimbi kabla ya kuingia korongoni, kwa sababu maana zake hutofautiana kati ya vikundi, na mlio wa "simama" usifanane na ule wa "nimetoka kwenye kamba". Redio ndogo husaidia pia.

Kuivuta kamba

Kabla wa mwisho hajashuka, walio chini waijaribu kamba ya kuvutia, yaani waivute mita moja huku yeye bado yupo juu akiangalia kama kizuizi kinasogea na kama fundo halitakwama kwenye ufa. Ikigoma, arekebishe yeye, maana akishafika chini hakuna wa kurudi. Aziachanishe pia nyuzi mbili za kamba anaposhuka. Fungueni mafundo yote yaliyo kwenye ncha inayopanda juu, kisha vuteni kwa mwendo mmoja usiokatika, kila mtu akiwa amejitenga na mahali itakapoangukia.

Kabla ya kuirudisha mfukoni, ipitishe kamba yote kati ya vidole. Sehemu iliyong'aa na kuwa ngumu imeungua. Sehemu iliyokuwa bapa au laini isivyo kawaida imeumia ndani. Na sehemu yenye manyoya mengi imesagwa ukingoni. Kamba yenye jeraha katikati isitumike tena kwa mteremko mrefu, ila vipande vizima vya pande zote mbili, vikishakatwa na kupimwa upya, bado hufaa kwa miteremko mifupi.